Kabla akaunti haijaguswa: kwa wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Masasi alikwenda benki Jumatatu asubuhi kutoa hela ya mzigo wa mabati. Kijana wa dirishani akabofya, akabofya tena, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mama, naomba upite kwa meneja kwanza." Kwa meneja akaonyeshwa karatasi: benki imeagizwa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kulipa deni lake la kodi kutoka kwenye akaunti yake. Mimi ndiye ninayemwandikia vitabu, ila nilikuwa nimeanza mwaka huohuo na deni lilikuwa la nyuma. Barua hakuwahi kuiona hata moja. Tulipofuatilia tukakuta simu iliyosajiliwa kwenye TIN yake, yaani namba yake ya mlipakodi, ni ya kishoka aliyemfanyia usajili, na sanduku la barua ni la shule aliyowahi kufundisha mumewe.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, kaangalie taarifa zako za TIN. Simu iwe yako, iliyo mfukoni mwako. Anwani iwe ya pale ulipo sasa, hasa kama umehamisha duka kutoka Newala kwenda Mtwara mjini. TIN hutolewa bure. Kama ulimlipa mtu akakusajilia, basi kuna uwezekano mkubwa aliandika namba yake. Madeni mengi niliyoyaona yakifika benki hayakuwa makubwa hivyo. Yalikuwa madeni ambayo mwenyewe hakuambiwa, au aliambiwa akaiweka bahasha juu ya friji.

Mamlaka haya ya kuchukua deni kwenye akaunti yako yapo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamruhusu Kamishna Mkuu wa TRA kumwandikia mtu yeyote unayemdai au anayekushikia fedha, akimtaka azilipe kwa TRA badala ya kukupa wewe. Benki ndiyo inayojulikana zaidi, lakini mpangaji wako naye anaingia humo, na mteja uliyemkopesha saruji pia. Akipuuza, deni linaweza kumgeukia yeye. Ndiyo maana kumwambia meneja kwamba mmesoma wote Ndanda hakusaidii kitu. Aprili 2021 Rais Samia aliwaonya hadharani wakusanya kodi waache mabavu, ikiwemo kuchukua fedha kwenye akaunti za watu, na wengi huku Kusini wakaelewa kwamba kifungu kimefutwa. Hakikufutwa.

Shida yetu kubwa ni kalenda. Kwa mtu binafsi anayefuata mwaka wa kawaida, kodi ya awamu, yaani kodi ya mapato unayoikadiria mwenyewe kwa mwaka na kuilipa kwa mafungu manne, hulipwa mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Sasa tazama hela ya korosho: minada inaanza Oktoba, wakulima wanaanza kulipwa, na maduka yanachangamka hadi Januari. Septemba duka limekauka, awamu inakukuta huna kitu. Desemba akaunti imenona, na kama kuna deni lililolala, hapo ndipo kunakuwa na cha kuchukua. Kwa wenzetu wa Lindi wenye ufuta, msimu ni katikati ya mwaka, lakini mantiki ni ileile. Ninachowashauri wateja wangu ni kufungua akaunti ya pili ya kodi tu, na kila wiki ya msimu kuingiza kidogo humo. Biashara ikienda chini ya ulivyokadiria, nenda ukarekebishe makadirio kabla ya tarehe. Makadirio ya Machi si msahafu.

Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, za mauzo na za manunuzi, zitunze miaka mitano. Zipige picha pia, maana karatasi ile hufifia ndani ya miezi kadhaa, na joto la duka la bati linaiharakisha.

Ukipokea makadirio ya kodi kutoka TRA usiyokubaliana nayo, anza kuhesabu siku tangu ulipoyapokea. Una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, pamoja na sababu. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu pingamizi lina mlango wa kulipia: ulipe sehemu usiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Tuseme umekadiriwa milioni 18 na wewe unakubali milioni 4. Theluthi ni milioni 6, kwa hiyo utalipa 6. Ungekuwa unakubali 9, ungelipa 9. Kama huna, omba kwa barua usamehewe malipo hayo ya kufungulia pingamizi, na sababu zako uzithibitishe. Kukaa kimya ukisema "nitaongea nao" si pingamizi. Na ukikataliwa, ipo Bodi ya Rufani za Kodi.

Kama deni ni halali ila hela haipo, omba kulipa kwa awamu mapema, na omba awamu unazoziweza kweli. Nimeona mtu akiahidi milioni moja kila mwezi kuanzia Februari, wakati Februari kwake ni mwezi wa kukopa unga.

Jambo la mwisho ndilo lililomuumiza mama yule kuliko deni lenyewe. Ndani ya akaunti ile mlikuwa na fedha za kikoba, za kina mama wenzake kumi na wanne. Kwenye vitabu vya benki hizo ni zake. Jina ni lake. Usiweke humo fedha za kikundi, za msiba, wala za mtu aliyekutuma ukamnunulie korosho. Wala usikimbizie zako kwa shemeji, kwa kuwa shemeji naye anakuwa ni mtu anayekushikia fedha.

Akaunti ikishaguswa, omba benki nakala ya agizo siku hiyohiyo. Soma TIN, mwaka wa deni na kiasi, kisha uende nayo ofisi ya TRA na risiti zako mkononi. Sisi tulikuta malipo mawili ya zamani hayajahesabiwa. Kupunguziwa deni kulichukua wiki tatu, na mabati yalikwenda kwa jirani.