Umewekewa pesimeka: maumivu ya kawaida na yale ya kukukimbiza hospitali

Pesimeka ni mashine ndogo inayowekwa chini ya ngozi ya kifua, yenye nyaya zinazoingia moyoni kuusaidia upige vizuri. Kidonda kuuma na ngozi kuvilia damu wiki moja au mbili si jambo la kutisha. Panadol hutosha, ibuprofeni usimeze bila kumuuliza daktari, maana huzidisha kuvuja damu.

Kwa wiki 4 hadi 6 usiinue kiwiko cha upande wenye mashine kupita bega, wala usibebe jerikeni. La lita 20 lina maji ya kilo 20, na nyaya bado hazijashika vizuri ndani ya moyo. Lakini tafadhali, usiufunge mkono kabisa! Wengi huogopa kuutikisa, bega likakakamaa, wakadhani mashine ndiyo mbaya. Uchezeshe taratibu kila siku, chini ya usawa wa bega.

Kwikwi isiyokoma huenda ni umeme wa waya unaoushtua msuli wa kupumulia. Mashine ipimwe, kwa mfano Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Ukizimia au kizunguzungu kikikurudia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Uvimbe unaokua penye mashine, homa, usaha, hata baada ya miezi: kimbilia hospitali, ila usikubali uvimbe kutobolewa kwa sindano, wala usijinunulie antibiotiki. Vijidudu hung'ang'ania mashine yenyewe, vidonge havivimalizi.