Jinsi ya kusoma ripoti ya akiba ya gesi ya Marekani

Kila Alhamisi saa 4:30 asubuhi, kwa saa za Mashariki ya Marekani, shirika la serikali la takwimu za nishati, EIA, hutangaza kiasi cha gesi asilia kilichomo kwenye maghala ya chini ya ardhi. Wengi hudaka namba ya kwanza na kuanza kubashiri bei. Namba hiyo ikiwa peke yake hupotosha.

Anza na tarehe. Hesabu huishia Ijumaa iliyotangulia, kwa hiyo baridi iliyopiga juzi haimo. Kisha gawanya badiliko la wiki kwa 7. Wiki iliyoishia Februari 19, 2021, Texas ilipoganda, akiba ilishuka kwa futi za ujazo bilioni 338, yaani kama bilioni 48 kwa siku. Si hita za majumbani tu zilizoimaliza: maji yanayotoka kisimani pamoja na gesi yaliganda ndani ya vali na mabomba, uzalishaji ukaporomoka siku zilezile mahitaji yalipopaa. Mshtuko wa namna hiyo huisha barafu ikiyeyuka.

Shinikizo la kudumu hutafutwa kwa njia nyingine. Chukua wiki mbili za miaka tofauti zenye hali ya hewa inayokaribiana, ukipima kwa nyuzi zilizo juu au chini ya 65 Fahrenheiti, kiwango ambacho chini yake hita huhesabiwa kuhitajika na juu yake viyoyozi. Uzalishaji ukiwa uleule na akiba ya mwaka huu ikashuka zaidi, huenda kuna mtumiaji mpya: mtambo wa umeme au kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika, LNG.

LNG ndiyo ya kufuatilia kwa karibu zaidi. Majimbo 48 ya bara, yaani bila Alaska na Hawaii, yalianza kuiuza nje kwa wingi Februari 2016, kutoka Sabine Pass, Louisiana. Kufikia 2023 Marekani ilikuwa muuzaji wa kwanza duniani. Ndiyo maana ulinganisho na wastani wa miaka 5, ambao ripoti yenyewe huutoa, hautoshi: ghala lililojaa kama zamani sasa linatosha siku chache kuliko zamani. Gawanya akiba kwa matumizi ya siku, mauzo ya nje yakiwemo. Hesabu hii hugeuka pia upande wa pili. Kiwanda cha Freeport, Texas, kilipozimwa na moto Juni 8, 2022, takribani futi za ujazo bilioni 2 kwa siku zilikosa pa kwenda. Bilioni 14 kila wiki zikabaki nchini, na akiba ikaonekana nzuri bila mtu kupunguza matumizi.

Soma na maelezo ya chini. Mara nyingine kampuni huhamisha gesi kwenye hesabu ya ile inayoachwa ghalani kushikilia mgandamizo. Akiba hupungua kwenye karatasi, ilhali hakuna iliyochomwa.

Mwisho, usiridhike na jumla ya taifa. Mwaka 2024 bei ya gesi kwenye kituo cha biashara cha Waha, magharibi ya Texas, ilishuka chini ya sifuri siku nyingi kwa sababu mabomba ya kuitoa gesi huko yalijaa. Gesi hiyo haiwezi kumpasha joto mkazi wa Boston.