Maji ya tangi langu la samaki, Entebbe

Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo nayaacha kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake jioni klorini itoke, ndipo nabadilisha robo ya tangi. Si zaidi, samaki hawapendi kushtuliwa.

Mdomo wa pampu nimeuelekeza kwenye kioo cha nyuma, chini kidogo ya uso wa maji. Angalia majani ya mimea ya tangini: yakiyumba taratibu, inatosha, yakilala upande mmoja, punguza. Mwanzoni niliuinua maji yachuruzike, sauti tamu kweli, lakini kaboni dioksidi ikawa inatoroka na mimea ikadumaa.

Sifongo ya chujio suuza kwa maji uliyoyatoa tangini. Ya bomba usithubutu: klorini itaua bakteria wanaokula amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Umeme ukikatika, nachota kikombe na kumimina kutoka juu, mara kumi hivi, hewa iingie.