Namna ya Kuchonga na Kutunza Njia za Miguu katika Msitu wa Mvua wa Usambara Mashariki

Milima ya Usambara Mashariki, iliyo nyuma ya mji wa Tanga, hupokea upepo wenye unyevu moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi, na kwa sababu hiyo eneo la Amani, lililo katika milima hiyo, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingine zikinyesha hata katika miezi ambayo nyanda za chini zimekauka. Udongo wa huku ni mwekundu, wa mfinyanzi, na ukishalowa huteleza. Katika mazingira haya njia huharibiwa na maji kuliko inavyoharibiwa na miguu ya watu, kwa hiyo kila hatua ninayoieleza hapa inahusu namna ya kuyatoa maji njiani kabla hayajakusanyika.

Hatua ya 1: Kibali. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ilhali misitu ya vijiji husimamiwa na serikali za vijiji pamoja na kamati zake. Pata idhini ya maandishi kabla ya kufyeka hata kichaka kimoja.

Hatua ya 2: Kupima mkondo wa njia. Tembelea eneo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, uone mahali maji yanapopita na mahali yanapotuama, kisha urudi kupima mvua zikipungua. Kifaa kinachotosha ni fremu ya mbao yenye umbo la A na timazi katikati, ileile ambayo mabwana shamba huitumia kupima kontua, yaani mistari ya mlimani iliyo kwenye kimo kimoja. Ikiwa miguu ya fremu imeachana kwa mita 2, funga kipande cha mbao cha sentimita 14 chini ya mguu mmoja. Timazi likisimama katikati, mwinuko wa njia ni asilimia 7. Kwa udongo huu mimi hupendelea wastani huo, na sivuki asilimia 10 ila kwa kipande kifupi chenye mawe. Zaidi ya hayo, mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, kwa sababu njia inayokaribia kushuka wima na mlima hugeuka kuwa mfereji, na maji yakishaingia humo hayana upande wa kutokea.

Unapopima, kaa mbali na mizizi ya miti mikubwa. Kaa mbali pia na miamba yenye kivuli kando ya vijito, kwani ndipo humea Saintpaulia, ua dogo la urujuani ambalo watu wa Ulaya hulipanda kwenye vyungu madirishani, na ambalo huku kwao linahitaji kuachwa kwa utulivu.

Hatua ya 3: Kuchonga. Ondoa kwanza majani na udongo mweusi wa juu, uuweke kando kwa ajili ya kufunika sehemu zilizojeruhiwa. Kisha chimba kwa sururu na jembe upande wa juu wa mlima mpaka upana wote wa njia ukae juu ya udongo asilia. Usijenge nusu ya njia kwa kifusi ulichokitupa upande wa bonde, kwa kuwa kifusi hicho hutitia katika mvua za mwanzo. Uso wa njia uinamie bonde kidogo: kwa njia ya upana wa mita 1, ukingo wa chini uwe chini ya ule wa juu kwa sentimita 4 au 5, jambo unaloweza kulihakiki kwa pima maji ya fundi mwashi.

Hata hivyo, mwinamo huo peke yake hautoshi, kwa sababu nyayo huulaza kadiri siku zinavyopita. Ndiyo maana njia inayopanda ni lazima kila baada ya umbali fulani ishuke kidogo kwa hatua chache kisha iendelee kupanda, ili maji yafike kwenye bonde hilo dogo na kutoka. Mahali penye mteremko mkali mabonde hayo yakaribiane zaidi.

Hatua ya 4: Kuvuka vijito. Njia ishuke kuelekea kijito na kupanda kutoka kwacho pande zote mbili, ili kijito kikifurika kisipate mlango wa kuifuata njia. Tumia mawe makubwa yaliyozamishwa mpaka yasitikisike. Mbao huoza haraka hapa, na mchwa hawazisazi.

Hatua ya 5: Matunzo. Pita njiani mvua ikinyesha, ukiwa na jembe mkononi. Kagua hasa ukingo wa chini, ambako udongo na majani hujijenga kidogo kidogo kuwa tuta. Tuta la kimo cha vidole viwili linatosha kuyazuia maji yasitoke. Livunje na urudishe mwinamo. Safisha mahali maji yanapotokea, lakini majani makavu yaliyotanda kwenye uso wa njia yaache, kwani huvunja nguvu ya matone.

Mti ukianguka, ukate upesi kwa upana wa njia tu, kabla watu hawajaanzisha mchepuko. Mchepuko uliokwisha kuanza uzibe kwa matawi katika ncha zote mbili, ulegeze udongo wake kwa jembe, na upande miche ya mimea iliyoota palepale msituni.