Jinsi ya kupata stetimenti yako benki bila kuzungushwa

Mimi ni mhasibu, nafunga hesabu za vikundi vya wakulima Rungwe. Kila msimu wa mikopo nakutana na watu waliotoka Busokelo au Kyela hadi Mbeya mjini kufuata stetimenti, yaani orodha ya miamala ya akaunti zao, wakaambiwa mtandao unasumbua, njoo kesho. Nauli imekwenda, siku imepotea. Inaniuma, maana kumbukumbu zile ni zao.

1. Jua tarehe unazotaka. Muulize anayekudai stetimenti ni ya miezi mingapi, kisha andika: kuanzia 1 Julai 2024 hadi 30 Juni 2025. Kama unatumia programu ya benki kwenye simu, anzia huko. Huenda usihitaji safari. Karatasi ya ATM huonyesha miamala michache ya mwisho tu. Wakala naye atakuwekea na kukutolea fedha, ila stetimenti yenye muhuri ifuate tawini.

2. Linganisha majina. Hapa ndipo wengi hukwama. Akaunti ilifunguliwa kwa kadi ya mpigakura, leo kitambulisho cha NIDA kina herufi moja tofauti, au laini ya simu iliyosajiliwa ilishapotea. Omba taarifa zako zihuishwe kwanza. Majina yakipishana, uliza mapema kama watahitaji kiapo chako cha maandishi mbele ya wakili, usije ukarudishwa.

3. Omba kwa barua, nakala mbili. Weka jina, namba ya akaunti, kipindi, simu, na saini ile ile uliyoweka siku ya kufungua akaunti. Moja wabaki nayo. Ya pili wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Usiondoke dirishani bila muhuri huo. Neno la mdomo halina tarehe, na kesho utamkuta mhudumu mwingine. Uliza pia ada kabla hawajachapa.

Akaunti ya kikundi inataka saini za watia saini walioandikishwa benki. Kama mlibadilisha uongozi, pelekeni kwanza muhtasari wa kikao. Mweka hazina mpya akienda peke yake atarudi mikono mitupu.

4. Kagua pale pale. Salio la kuanzia, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotoka: lazima upate salio la mwisho. Kikundi kimoja nilichokihudumia kililetewa kurasa ambazo salio la chini ya ukurasa wa tatu halikuanza ule uliofuata. Ukurasa mzima ulikuwa haupo, na malipo ya majani ya chai ya mwezi mmoja yalikuwa humo.

5. Wakikunyima, mwandikie meneja wa tawi malalamiko, ukiambatanisha nakala yenye muhuri. Taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu. Usiporidhika, peleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania. Ina tawi Mbeya mjini. Watataka kuona kwamba ulianzia kwenye benki yako, kwa hiyo beba nakala ile.