SOMO: Umepata mwanasesere wa matambara? Usimfue. Soma hapa kwanza

Wiki hii peke yake watu wanne wamenifuata inboksi na swali lile lile: "Dada, nimepata mwanasesere wa kushonwa kwa mkono, namwekaje na wenzake?" Namjibu huyu, kesho anakuja mwingine. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtupia huu uzi.

Ninayemzungumzia ni yule aliyeshonwa na bibi au shangazi kwa vipande vya kanga, kitenge au marekani, akajazwa sufi, pamba au nguo chakavu. Wale wa plastiki wa dukani wana somo lao. Mimi niko Tanga, kwa hiyo ushauri wangu ni wa joto na unyevu wa pwani. Wa Njombe mtapunguza chumvi wenyewe.

1. Muulize aliyekupa, kabla hujaondoka. Nani alimshona, wapi, mwaka gani, kitambaa kilikuwa nguo ya nani, ndani kuna nini. Andika hapo hapo. Usijidanganye kwamba utakumbuka.

2. Piga picha. Mbele, nyuma, uso, chini ya gauni, na rula pembeni.

3. Mtenge. Asiingie kabatini na wenzake siku hiyo hiyo. Mtie kwenye mfuko wa nailoni angavu, umlaze juu ya karatasi nyeupe, umwache peke yake wiki mbili au tatu. Ukikuta chini yake unga unga, punje kama mchanga au maganda ya viwavi, ujue ana wageni. Hapo toa hewa mfukoni, funga vizuri, mpeleke kwenye friza lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, wiki mbili kamili. Mimi wenye nywele za sufu nawagandisha wote, dalili ziwepo zisiwepo, maana nondo wanaipenda sufu kuliko kitu chochote. Mwenye uso wa kupakwa rangi ya mafuta, au macho ya kioo, usimgandishe.

Ukimtoa, MFUKO USIFUNGULIWE mpaka zipite saa 24. Umeona chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani? Mwanasesere naye atatoka jasho hivyo hivyo, na rangi itatembea. Umeme ukikatika mpaka nyama zikayeyuka, anza hesabu upya. Na usimpeleke kwenye friza la muuza samaki hata akikubali bure.

4. USIFUE. Hapa naomba mkae chini.

Mwaka 2016 nilinunua Pangani mwanasesere wangu wa kwanza wa matambara. Mwili wa marekani, gauni la kisutu, nywele za uzi mweusi. Alikuwa na vumbi na harufu ya moshi wa kuni. Mimi, kwa uzoefu wangu wote wa kufua nguo za watoto, nikaona hili ni jambo la beseni moja. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga kidogo, nikamkamua kama soksi. Kisutu kikachuja, wekundu ukapanda mpaka usoni, mtoto akawa kama ametoka kupigwa. Nikamwanika juani. Baada ya saa mbili nje amekauka, nikafurahi.

Ndani hakukauka. Sufi ina nta yake ya asili, na kila unyuzi una uwazi ndani kama mrija, ndiyo maana zamani iliwekwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Yenyewe haitaki maji. Ila maji yakishapita kwenye mshono yanakwama katikati na hayana pa kutokea. Siku ya sita akaanza kunuka kama mkeka uliokunjwa ukiwa mbichi. Nikafumua mgongo nikakuta madoa meusi ya ukungu, na sufi imekuwa mabonge. Nikatupa yote, pamoja na matambara ya kaki yaliyokuwa yamejazwa kichwani, nikaweka sponji ya kochi. (Ndiyo, sponji. Msinisute, nimeshajisuta.)

Mwaka uliofuata nilirudi Pangani nikamkuta bibi aliyemshona. Nikamuuliza kile kitambaa cha kaki kilikuwa nini. Kaptura ya shule ya mwanawe wa kwanza. Hakuuliza iko wapi, nami sikusema.

Basi fanyeni hivi. Vumbi litoe kwa brashi laini, ile ya kupakia poda, ukifuata mkondo wa uzi wa kitambaa. Ukiwa na mashine ya kufyonza vumbi, funga mdomo wa bomba kwa kipande cha chandarua kipya kisicho na dawa, uweke nguvu ya chini kabisa. Bila chandarua itameza vifungo na macho. Harufu iondoe kwa hewa. Mlaze kivulini kwenye chumba kinachopita upepo, siku tatu, nne, hata kumi. Jua linaua rangi, na rangi iliyokufa hairudi. Msimfukize udi pia, moshi ule una mafuta na masizi. Doa mliache. Ukishindwa kabisa kuvumilia, lowesha pamba ya kusafishia masikio kwa maji matupu, gusa sehemu iliyofichika ya pindo, kandamiza kitambaa cheupe juu yake. Cheupe kikipata rangi hata kidogo, habari imekwisha, weka pamba chini.

5. Mpe namba. Utepe mweupe wa pamba, penseli (kalamu ya wino itavuja), mishono miwili myepesi kwenye pindo la nguo, si kwenye mwili. Mimi naandika mwaka na nafasi: 2024.3 ni wa tatu kuingia mwaka 2024. Pini inashika kutu. Gundi, stika na stepla sitaki hata kuzisikia. Daftarini namba hiyo hiyo inabeba majibu yote ya hatua ya kwanza, na maneno ya kanga hata kama mkasi umeyala. Wa kwangu mmoja ana "PATI TAMAA SIK" kifuani. Mnaojua kanga mmeshamalizia.

6. Mahali pa kukaa. Asigusane na wanasesere wa plastiki laini. Rangi ya kanga inahamia kwenye plastiki na haitoki, na yale mafuta yanayolainisha plastiki nayo yanatoka polepole na kunatanata kwenye kitambaa. Wanaharibiana wote wawili. Weka marekani katikati, iliyofuliwa mara mbili ikaisha wanga, kwa sababu wanga ni chakula cha mende. (Jina marekani lenyewe lilikuja na shehena za kitambaa zilizoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, karne ya 19. Bado nakiona ndicho kitambaa bora cha kufungia vitu.) Mlaze, au mketishe akiwa ameegemea. Usimning'inize. Mbali na dirisha, mbali na ukuta unaotoa maji wakati wa masika.

Maswali chini.

---

Chapakazi77: Somo refu sana mkuu. Kwa kifupi nitumie sabuni gani?

Mwandishi: Kichwa cha habari. Kisha namba 4.

BintiMvita: Asante sana dada kwa somo. Mimi niko Mombasa, nina wa leso aliyeshonwa na nyanya yangu, Mungu amrehemu. Hakuna wa kumuuliza tena. Leso yaweza kuniambia ni wa mwaka gani?

Mwandishi: Pole kwa nyanya. Leso itakusaidia nusu ya njia. Itazame ukingoni kama kuna alama ya mchapishaji au nchi. Ukikuta "K.H.E. Mali ya Abdulla", hao ni wa hapo hapo kwenu Mombasa, na biashara yao ilianza 1887, kwa hiyo alama peke yake haitakupa mwaka. Ukikuta ya Urafiki, Dar es Salaam, basi si kabla ya 1968, maana kiwanda kilianza mwaka huo. Ukikuta picha ya kiongozi au sikukuu fulani, umebahatika. Halafu kumbuka, mwanasesere hawezi kuwa mzee kuliko kitambaa chake, ila anaweza kuwa mdogo sana. Nyanya anaweza kukata leso ya ujana wake akiwa na miaka 70. Daftarini andika "si kabla ya", usiandike "mwaka". Na uwaulize shangazi zako nani aliwahi kuonekana kaivaa leso hiyo. Picha za harusi za zamani zinasaidia kuliko unavyodhani.

BintiMvita: Hapo kwa picha za harusi sikuwa nimewaza! Nazitafuta.

Mjuba_wa_Temeke: Mnakuza mambo. Mimi wa kwangu nilimloweka kwa jiki akatoka mweupeee. Mwaka wa pili huu hana shida.

Mwandishi: Ndani ana nini?

Mjuba_wa_Temeke: Zile pamba za mito ya kisasa.

Mwandishi: Hizo ni nyuzi za plastiki, zinakauka, hazina habari na maji. Ninayemfundisha hapa ni mwenye sufi. Na jiki inakula nyuzi za pamba. Kitambaa kinaonekana safi huku kinadhoofika, siku moja utamshika mkono ubaki nao.

Mjuba_wa_Temeke: Wewe uliyejaza sponji ndiye wa kunifundisha?

Mwandishi: Ndiyo maana nimeandika, ili mwingine asijaze.

UmmIlham_Maskati: Assalamu alaykum. Dada yangu kaniletea mmoja kutoka Unguja, nywele za sufu. Niko Maskati, ndani kiyoyozi saa zote. Nimeweka vile vidonge vyeupe vya nondo kabatini, inatosha?

Mwandishi: Waalaykum salaam dada. Vitoe. Kama ni naphthalene, harufu yake inaingia kwenye sufi na kukaa humo, na plastiki iliyo karibu inaharibika. Kubwa zaidi ni watoto. Wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), na kwetu hawa si wachache, mvuke wa vidonge hivyo unaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Hasa vichanga. Tumia friza, hatua ya 3. Kiyoyozi hakina ubaya mradi asikae mbele ya mdomo wake, na usiwe unamtoa barazani jioni na kumrudisha. Kinachomchosha ni kupanda na kushuka kwa unyevu.

UmmIlham_Maskati: Subhanallah, nina mjukuu wa miezi minne. Nimevitoa sasa hivi.

Fundi_Cherehani: Nitapata wapi sufu ya kujazia?

Mwandishi: SUFI. Ya mti wa msufi. Ukiagiza sufu utaletewa kondoo.

Fundi_Cherehani: Haya basi, sufi.

MzeeKorogwe: Aje huku kwetu msimu wa kupasuka matunda. Ila achambue nje ya nyumba, kitambaa puani, na asiwe karibu na jiko. Sufi inashika moto kama petroli. Mbegu atoe zote, panya wanazifuata.

Mwandishi: Asante mzee. Hilo la moto lilipaswa kuwa juu.

KweliTupu: Samahani lakini matambara haya si takataka tu? Mkusanyaji wa kweli anatafuta vitu vya thamani.

Mwandishi: British Museum pale London wana mwanasesere wa kitani kutoka Misri ya zama za Warumi, kati ya karne ya 1 na ya 5, amejazwa matambara na mafunjo. Hakuna aliyemfua.

KweliTupu: Huyo sawa. Wangu wa mwaka jana nitamuuza bei gani?

Mwandishi: Bei siyo hapa.

Mzaramo_Halisi: Mimi nina swali la pembeni. Nyumbani Kisarawe kuna mwana hiti wa bibi, wa mti, si wa kitambaa. Naye nimwingize kwenye namba zile zile?

Mwandishi: Swali zuri kuliko yote leo. Namba mpe, lakini usimwandike kama mwanasesere wa kuchezea. Mwana hiti kwa Wazaramo alikuwa wa mwali akiwa ndani, anatunzwa, anapakwa mafuta, ana mafunzo yake. Kwa hiyo kwanza waulize wakubwa kama anaruhusiwa kuwekwa wazi. Pili, usimfute yale mafuta meusi, hayo ndiyo mikono ya waliomshika. Wakisema abaki sandukuni, abaki. Piga picha wakiruhusu, andika wanachokueleza, basi.

Mzaramo_Halisi: Bibi mdogo yupo hai, nitaenda Ijumaa. Kumbe na sisi utotoni tulikuwa na wa magunzi, tunasuka zile nywele za mahindi.

BintiMvita: Hata sisi! Siku ya tatu nywele zimekauka zimekatika, twatafuta hindi lingine.

Mwandishi: Wa gunzi nimejaribu kuwahifadhi mara mbili, dumuzi wakanishinda. Mwenye mbinu aanzishe uzi wake, nitakuwa wa kwanza kusoma.

Chapakazi77: Nimesoma yote sasa. Huyo wa Pangani mwenye sponji bado unaye?

Mwandishi: Ninaye. Sponji imeanza kumomonyoka, inatoa unga wa njano kwenye mshono wa mgongo. Jumamosi namfumua, nimepata nusu kilo ya sufi kutoka Muheza, imeshachambuliwa. Kichwani naweka sufi tupu. Ile kaptura nimeiandika daftarini.