Kutafuta vilele na mabonde ya polinomia

Wengi wakishapata mahali derivativu (kipimo cha mwinuko wa grafu kila mahali) ni sawa na sifuri huweka kalamu chini. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Tuchukue f(x) = 3x⁵ − 5x³, maana ina mtego ndani yake.

Hatua ya 1. Tafuta derivativu: zidisha kwa kipeo, kisha kipeo kipunguze 1. Tunapata f′(x) = 15x⁴ − 15x².

Hatua ya 2. Ilinganishe na sifuri, uiandike kwa vigawo: 15x²(x − 1)(x + 1) = 0. Basi x ni −1, 0 au 1. Tafadhali usigawanye pande zote kwa x² ili kurahisisha, utaipoteza 0. Namba hizi tatu zinaonyesha tu mahali grafu ilipolala; kama inageuka hapo, bado hatujui.

Hatua ya 3. Usiwe na haraka hapa. Chagua namba kati ya hizo na nje yake, ziweke kwenye f′, tazama alama:

x = −2: 180, chanya
x = −½: −45/16, hasi
x = ½: −45/16, hasi
x = 2: 180, chanya

Soma kutoka kushoto: chanya grafu inapanda, hasi inashuka. Kwenye −1 grafu ilikuwa ikipanda, ikaanza kushuka: kilele. Kwenye 1 ilikuwa ikishuka, ikaanza kupanda: bonde. Kwenye 0 ilikuwa ikishuka, ikatulia, ikaendelea kushuka vilevile. Hapo hapana kilele wala bonde.

Hatua ya 4. Kupata kimo, rudi kwenye f yenyewe: f(−1) = 2, f(1) = −2. Ukiweka kwenye f′ utapata 0 tu.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mbona f(2) = 56? Kilele cha 2 kinakuwaje kilele?
Jibu: Ni kilele cha jirani zake tu. Funksheni hii haina thamani kubwa kuliko zote. Kulia inapanda bila kikomo.

Swali: Siwezi kutumia derivativu ya pili, niachane na jedwali la alama?
Jibu: Unaweza. Ni derivativu ya f′ yenyewe: f″(x) = 60x³ − 30x. Ikiwa hasi ni kilele, ikiwa chanya ni bonde. Kwenye −1 inatoa −30, kilele. Kwenye 1 inatoa 30, bonde. Ila kwenye 0 inatoa 0, na hapo haikuambii kitu: x³, x⁴ na −x⁴ zote hutoa 0 kwenye x = 0, ilhali ya kwanza haigeuki, ya pili ina bonde, ya tatu ina kilele. Itabidi urudi kwenye alama.

Swali: Kipeo kikubwa ni 5, nilitegemea migeuko 4.
Jibu: 4 ndiyo mwisho, si lazima ifike. Hapa ni 2.